Kadi Mbili za Nyambura

Maitu,

Usiitafute thamosi nyekundu. Nimeitoa kwenye mkoba wako na mahali pake nimeweka barua hii. Ukitaka chai njiani kesho, utanunua kibandani kama watu wengine, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Sikuulizi hali, maana muda mfupi uliopita ulikuwa hapa mbele yangu ukipiga pasi blauzi na kuimba vibaya. Sasa umeshuka Ruring'u kuwaaga rafiki zako, baba yako yuko zizini anakama, nami nimepata meza na utulivu kidogo. Mambo ya sweta, maji ya kuchemsha na wanaume, baba yako amekuhutubia wiki nzima, sina la kuongeza. Hasa hayo ya wanaume, ambayo yeye mwenyewe hayajui.

Nakuita Maitu, mama yangu, kama nilivyokuita tangu siku uliyozaliwa, kwa sababu wewe ni binti wa pili, na kwetu binti wa pili huchukua jina la mama wa mama. Dada yako Wambui alichukua la mama wa baba yenu, ndiyo maana hadi leo naitwa Mama Wambui, ingawa yeye kaolewa Kiriaini na hupiga simu akitaka viazi tu. Nakukumbusha haya unayoyajua kwa sababu jambo hili la majina ndilo lililoniponza.

Kilichonifanya nishike kalamu ni simu yako ya Jumapili. Ulikuwa nyuma ya jikoni unaongea na mwenzako wa hiyo kampuni yenu, mkipanga jinsi mtakavyoingiza mfumo wenu wa kompyuta katika hospitali ya Chuka. Nilikuwa dirishani na mwiko mkononi. Nikakusikia ukisema, "Wale wamama wa records najua watakuwa resistant, but watazoea tu. Tukishaondoa makaratasi, si watafanya nini?" Kisha ukacheka.

Sikukasirika kwa kutukanwa. Nimetukanwa na watu waliovaa vizuri kukuliko. Lakini kicheko hicho nakijua, nilikaa nacho mwaka mzima ofisini, na sikutarajia kukisikia kikitoka kwenye koo nililolinywesha uji. Ati watazoea tu! Ugali ukaniungulia, nawe ukaula mchana ule ukiuliza mbona una moshi.

Unaijua hadithi ya kompyuta za hospitali yetu. Umekua ukiisikia: kwamba wakubwa walileta mashine bila kumwuliza mtu, mashine ikakaribia kuua mgonjwa, mama yako akasimama mkutanoni akawaambia ukweli na kuwanyamazisha. Baba yako huisimulia harusini na matangani. Nadhani hata kazi hii uliichagua kwa sababu yake, ili uifanye vizuri kuliko wale. Nusu ya hadithi hiyo ni kweli. Nitaanza na nusu hiyo kwa sababu inanipa raha.

Msimamizi wetu alikuwa Bwana Gichuhi, mtu aliyetembea akitanguliza tumbo, na kalamu tatu mfukoni ambazo sikuwahi kumwona akiandika nazo. Alikwenda semina ya siku tatu hotelini, akarudi na mfuko wa kitambaa na neno moja, digital. Alilisema neno hilo asubuhi na jioni. Aliwakusanya wakuu wa idara akawaambia kuwa karatasi zinakwisha. Sisi wa dirisha la usajili, tulioshika kadi ya kila mgonjwa aliyeingia lango lile, hatukuitwa. Habari tulizipata kwa mpishi, kwa sababu yeye ndiye aliyeagizwa kupika sambusa za uzinduzi.

Zililetwa meza mpya. Fundi aliziweka zikilipa dirisha mgongo, kwa kuwa soketi ya umeme ilikuwa ukuta wa upande wa pili. Basi mtu wa kuandikisha wagonjwa akawa hamwoni mgonjwa. Mtu anakuja ameshika mbavu, anahema, na wewe unamsikiliza kwa kisogo. Nilimwambia Gichuhi, akajibu, "Mama Wambui, hiyo ni kitu ndogo, tutaangalia." Hakuangalia. Waya wa mita mbili ungetosha.

Mafunzo yalikuwa saa mbili, baada ya chakula cha mchana, sisi watu kumi na wanne kwa kompyuta tatu. Daktari wetu mkuu alishika kipanya dakika tano, akasema ana wagonjwa, akatoka, na hakuigusa tena mashine hadi siku ilipoondolewa. Aliandika kwenye karatasi na kumtupia nesi achape. Nesi naye, ambaye alikuwa na wodi nzima mgongoni, alichapa Ijumaa, za wiki nzima, kwa kukumbukakumbuka. Paswadi ilikuwa moja kwa wote, imebandikwa chini ya skrini mahali ambapo hata mgonjwa angeisoma. Na umeme ulipopotea, nawe unajua wa kwetu hupotea wingu likikunja uso tu, jenereta ilihudumia chumba cha upasuaji na ofisi ya Gichuhi. Sisi tulibaki tukitazamana.

Ofisini kwake Gichuhi alikuwa na skrini yenye alama ya kila idara. Idara ikitumia mfumo, alama inakuwa ya kijani. Mtu yule aliipenda rangi hiyo kuliko mke wake. Hakuwahi kuuliza tumeandika nini humo. Aliuliza kwa nini maabara si kijani. Basi watu wa maabara wakawa wanaufungua mfumo asubuhi, wanauacha wazi, wanarudi kwenye daftari lao kufanya kazi. Famasia wakafanya hivyo hivyo, na wodi pia. Wafadhili walipokuja walikuta kijani tupu, wakapiga picha, wakala sambusa, wakaenda zao.

Nisiseme kwamba mashine ni mbaya. Mwaka uleule mzee Jayanti, mwenye duka la vifaa vya ofisi pale mjini, aliingiza kompyuta dukani kwake. Nilikwenda kununua penseli nikamkuta ameketi kwenye kigoda kando ya mfanyakazi wake wa miaka mingi, yule mama anashika kipanya, mzee anatazama tu. Nikamwuliza kama sasa yeye ndiye anafundishwa. Akasema, "Mama, huyu ndiye anajua kila daftari iko wapi. Kama yeye hapendi hii mashine, mimi nimenunua sanduku." Kompyuta ile ilifanya kazi tangu wiki ya kwanza, na Mhindi yule hakuwa amekwenda semina yoyote.

Haya. Hapo ndipo baba yako hufikia akiwa amesimama na kikombe mkononi, watu wakicheka. Sasa nusu nyingine.

Miaka yangu ishirini na sita dirishani nilikuwa na kazi moja ambayo haikuandikwa popote. Wewe unajua jinsi majina yetu yanavyorudi. Nyanya mmoja akizaa wana wa kiume watano, kila mwana atamwita binti wake wa kwanza kwa jina la nyanya huyo. Wote watano. Weka juu yake jina la babu ambalo siku hizi familia nzima hulitumia mwishoni, weka na ubatizo wa kanisa moja lenye majina sita ya kuchagua, na utapata mabinti watatu wa mji mmoja ambao kwenye karatasi ni mtu yuleyule. Kadi nyingi zilifunguliwa wakiwa watoto, hazina namba ya kitambulisho. Nani alizitofautisha? Mimi. Niliandika pembeni kwa penseli: wa nyumba ya juu; yule wa mashine ya kushona; mamake alifariki; ana kovu kidevuni. Kwa penseli, ili mtu akihama au akiolewa nifute na kuandika upya. Na mahali pengine niliandika mambo mazito zaidi, ambayo daktari wa zamani au mzazi aliyataja kwa haraka akipita na mimi nikayaokota.

Mary Nyambura Gathogo walikuwa wawili. Mabinti wa ndugu wawili wa Tetu, wamezaliwa mwaka mmoja, wamebatizwa siku moja. Mmoja aliolewa Ruring'u akawa fundi wa nguo. Mwingine alibaki Tetu akichuma chai na kukata nyasi za ng'ombe. Kadi ya huyu wa Tetu ilikuwa na maneno yangu ya penseli yaliyopigiwa mstari: penisilini hapana, alivimba akiwa mtoto.

Kijana aliyetumwa kutuwekea mfumo aliitwa Dennis. Suruali ya kubana, viatu vyeupe, kipande cha ndevu alichokishikashika kila alipofikiri. Nilimchukia kabla hajafungua mdomo. Siku ya pili alikuwa akizipiga kadi zetu picha, akafika kwenye zile zilizojaa maandishi yangu pembeni, akamwambia mwenzake, "Hizi chorachora za penseli tunaacha, hazina place kwa form." Alizungumza mbele yangu kama watu wanavyozungumza mbele ya ng'ombe. Asubuhi ya siku ya tatu Gichuhi alinipita kwenye veranda akanipiga bega, akasema, "Sasa utapumzika, Mama Wambui. Hii mashine itajua watu wote kukuliko." Nilikwenda chooni nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi dirishani. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako.

Mchana wa siku hiyohiyo wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Dennis alikuja peke yake na kompyuta yake ya mkononi, akaiweka juu ya kaunta, akainama ili tulingane. Alikuwa amechoka. Akaniita mama kwa Sheng yao, "Mathe, nisaidie kiasi. Kuna majina zinarudi mara mbili mbili. Computer inasema ni mtu moja alifungua kadi twice, inataka niunge. Ni sawa nikiunga? Ama kuna kitu hatujui kuhusu hizi kadi?"

Soma tena, Maitu. Aliniuliza.

Kwenye skrini yake jina la kwanza lilikuwa la Nyambura. Kadi zote mbili, kando kwa kando. Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Ningenyoosha mkono tu nikamwonyesha pale pembeni, na ingechukua muda wa kumenya ndizi. Badala yake nikafikiria viatu vyake vyeupe, na bega langu lililopigwa, na meza inayonifanya niwape wagonjwa kisogo. Nikamwambia, "Wewe ndiye umesoma. Computer ikisema ni mtu mmoja, ni mtu mmoja."

Akashukuru. "Asante sana mathe, umenisave." Akabonyeza, akaendelea na jozi iliyofuata, na nyingine, nami nikamtazama akiunga watu kama mtu anayeshona soksi. Sikutaka mtu afe, naapa. Nilitaka waaibike. Nilifikiri litatokea jambo dogo la kuchekesha, fundi wa Ruring'u aitwe kwa uzazi ambao si wake, Gichuhi aje kunibembeleza. Usiku ule nilikula nikalala vizuri sana. Hilo pia uliweke akilini unaponifikiria.

Miezi minne baadaye Nyambura wa Tetu alijikata mguu kwa panga akikata nyasi. Alikuja kwa bodaboda, kitambaa kimelowa damu. Mwenzangu wa dirisha la kwanza akampokea kwa kisogo, akaandika jina, akalikuta moja. Mfumo ulipounganisha kadi ulibakisha ile mpya zaidi, ya fundi wa Ruring'u, safi, haina neno. Daktari alitazama karatasi iliyotoka kwenye printa, pale penye swali la dawa zisizomfaa pakawa na neno hakuna. Akaandikiwa sindano ya penisilini.

Nilikuwa nakunywa chai ndani. Nilisikia kelele nikatoka. Uso wa mwanamke yule ulikuwa umejaa hadi macho hayaonekani, na sauti aliyokuwa akiitoa kifuani sitaiandika hapa. Walimwokoa. Daktari yule asiyependa kipanya alipiga magoti sakafuni akamwokoa, na kwa hilo simdharau. Lakini Nyambura alikuwa na mimba ya miezi mitano, na hiyo haikuokoka.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa kanisa. Bodi ilikuwapo, na Gichuhi akitoka jasho, na watu wa kampuni, na Dennis amekaa kiti cha nyuma akishika ndevu zake. Kila mtu akaanza kumrushia mwenziwe. Mwenyekiti akauliza wafanyakazi wa usajili kama walishirikishwa. Hapo ndipo niliposimama. Baba yako hupenda sana hapo. Nikazungumzia meza, na soketi, na mafunzo ya saa mbili, na rangi ya kijani. Yote yalikuwa kweli, na watu wakapiga makofi, na utamu wa makofi yale ukanipanda kichwani. Kisha nikasema, "Sisi ndio tunajua watu wa hapa. Na hakuna mtu hata mmoja alituuliza."

Dennis akasimama. Hakupaza sauti. Akasema, "Mathe, si mimi nilikuuliza?"

Nikamtazama kwa macho makavu, nikasema, "Kijana, mimi ni mama wa penseli. Nani msomi kama wewe ataniuliza mimi?"

Wakacheka, Maitu. Walicheka hadi mwenyekiti akacheka. Dennis akakaa. Wiki hiyo kampuni ikamfuta kazi, na sijui aliko. Mfumo ukaondolewa, kadi zikarudi kabatini, na mimi nikazitenganisha jozi zote kwa siku mbili bila kumwuliza mtu, kwa sababu zote nilikuwa nazo kichwani. Hakuna aliyejiuliza nilizijuaje haraka hivyo. Nilipostaafu wakanipa thamosi nyekundu, imechorwa maneno "Kwa Mama Wambui, Mlinzi wa Kadi Zetu". Ndiyo hiyo uliyotaka kubeba. Ulisema itakuletea bahati.

Gichuhi hakupatwa na lolote, kama unataka kujua. Alihamishiwa hospitali kubwa zaidi, na nasikia sasa yeye ndiye huendesha semina. Nimemdharau mtu huyo miaka yote na sitaacha leo. Lakini yeye hakujua zile kadi ni za watu wawili. Ujinga wake ulikuwa wa kweli. Mimi nilijitia hamnazo, na kati ya watu wote waliokuwa katika jengo lile, wajinga kwa wasomi, hakuna aliyestahili dharau kama mwanamke aliyekuwa ameshika penseli.

Baada ya kukusikia Jumapili sikulala. Jumatatu nikamwambia baba yako naenda kuona mgonjwa, nikapanda Tetu. Nyambura nilimkuta ameingia kutoka kuchuma chai, anavua aproni ya plastiki. Ana wavulana wawili, wakubwa sasa. Baada ya ile mimba hakuzaa tena. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni akiota jua, bibi ambaye jina lake halijapata mtoto wa kuitwa katika nyumba ile, kwa kuwa binti hakuja. Sijui kama aliyepotea alikuwa binti. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba huenda hakuwa.

Nikamwambia yote. Nilidhani atanipigia kelele, na nilikuwa nimejitayarisha kupigiwa kelele. Hata nilitamani. Alisikiliza akikunja aproni, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akauliza jambo ambalo miaka hii yote halikunijia.

"Hiyo kitu ya penisilini. Ulikuwa umeiandika kwa kadi yangu?"

"Ndiyo."

"Toka lini?"

"Tangu ukiwa shule ya msingi. Mama yako alikuwa amesema."

"Mamangu alikufa nikiwa class six. Hakuniambia." Akanitazama. "Na wewe nilikuwa nakuja hapo kwa dirisha yako kila mwaka. Ulikuwa unanisalimia. Uliniuliza hata vijana wangu. Mbona hukuniambia mimi?"

Miaka ishirini na sita nimejipiga kifua kwamba nawajua watu, na haikunipitia kichwani kwamba mwenye mwili angependa kujua. Kadi ilikuwa yake, jina lake limeandikwa juu, lakini habari zilikuwa zangu. Nilizitunza ili nihitajiwe. Nikamcheka Gichuhi na rangi yake ya kijani, na mimi nilikuwa na penseli yangu, na kati yetu alikuwapo mwanamke aliyekuja na mguu unaotoka damu akidhani tunamjua.

Nyambura akasimama. Akasema, bila ukali wowote, "Enda nyumbani, Mama Wambui. Leo sitakupikia chai."

Wewe ni mtoto wa huku, huhitaji kuelezwa. Hata anayekuja kupima shamba la mzozo hupewa chai. Hata polisi hupewa. Nilitembea hadi barabarani nikiwa na koo kavu, na tangu siku hiyo kila nikiiona thamosi ile kabatini nafunga mlango. Kisha jana nikakuona ukiifuta kwa upindo wa kanga na kuiingiza mkobani. Ndipo nilipoamua kuandika.

Sikuandiki ili uniambie si kitu. Ni kitu. Wala sikuandiki ili uache kazi hiyo, maana mfumo mzuri ungemwokoa Nyambura kuliko penseli yangu. Ungewaambia madaktari wote, hata siku ambayo mimi ningekuwa nimelala na homa. Nimetazama michoro yako mezani. Nimevaa miwani nikaitazama ulipokwenda kuoga. Kuna mahali umeandika hatua ya kwanza hadi ya saba, na hatua ya tano ni "kuwafundisha wa usajili". Ya tano! Mtakuwa mmekwisha kuunga kila kitu, ndipo mwaite wamama wapate habari kutoka kwa mpishi.

Nawe una mdomo wangu. Ndilo linaloniogopesha. Ungekuwa na upole wa baba yako nisingekuwa na wasiwasi, lakini wewe ukimdharau mtu anaona, hata ukimpa mkono. Unafikiri kwa kuwa hukuvaa viatu vyeupe hutafanana na Dennis. Utafanana. Utaingia ofisi ile na hiyo kompyuta begani, na kabla hujasema hamjambo mtu ameshakuchukia.

Atakuwa dirishani. Umri kama wangu, sweta ya kufuma, miwani imefungwa uzi. Hatakutazama. Atakuita madam ingawa angeweza kukuzaa. Atakuwa na kitu chake, sijui ni nini kule kwao, pengine daftari la pembeni, pengine uzi wa rangi kwenye faili, pengine ni kichwa chake tu. Utamwuliza kama kuna kitu mmesahau, naye atakwambia kwa upole kabisa, "Hakuna shida madam, iko sawa." Atatabasamu. Ukitoka utafurahi kwamba mmeelewana.

Huyo ni mimi, Maitu. Usimpende, sikuombi hivyo. Nami sikuwa wa kupendwa. Vuta kiti ukae upande wake wa dirisha, asubuhi nzima, hata kama wakubwa wako wanakutafuta. Mwache akuoneshe anavyofanya. Na lolote atakalokuonesha kuhusu mgonjwa, hakikisha mgonjwa naye amelisikia.

Nasikia baba yako anaosha ndoo, na wewe hutakawia. Kesho asubuhi nitapika chai mapema na kikombe chako nitakiweka mezani pale pa siku zote. Kama utakuwa umeisoma barua hii leo na hutaki kunywa chai yangu, kiache kimejaa. Sitakuuliza, na nitakubebea begi hadi stendi hivyohivyo.

Lakini yule mama wa Chuka, akishakwambia iko sawa, muulize mara ya pili. Dennis aliniuliza mara moja tu.

Mimi niliyekuzaa, nawe nikakuita mama,
Mama Wambui